Aibu ya Kushika Spana

Yapo maneno mawili yasemwayo mara kwa mara katika nchi yetu, nayo sharti yapingwe. La kwanza ni kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuchafua mikono yake kwa grisi. La pili ni kwamba injini ni siri, na asiyelelewa gereji hawezi kuifahamu. Maneno haya ni ndugu: moja lazaliwa na kiburi, jingine na woga, na yote mawili humfanya mwenye gari awe mtumwa wa kitu alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Na tuchukue kazi moja itajwayo kwa hofu: kubadili mkanda wa taimingi nyumbani. Mkanda huu ni wa mpira wenye meno. Kazi yake ni kuunganisha shafti kuu ya injini, izungushwayo na pistoni, na shafti ifunguayo vali. Shafti kuu izungukapo mara mbili, shafti ya vali huzunguka mara moja. Injini iendayo mizunguko 3,000 kwa dakika hufungua kila vali mara 25 kwa sekunde, na kila mara pistoni na vali hazina budi kupishana kama wapita njia wawili katika kichochoro. Mkanda ukikatika, katika injini nyingi pistoni huzigonga vali na kuzipinda. Hapo aliyekataa kununua mkanda hulipia kufumuliwa kwa injini nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Si kila injini ina mkanda huu, kwani nyingine hutumia mnyororo. Lakini mwenye mkanda asijidanganye. Magari mengi ya Kenya yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumiwa ng'ambo, hasa Japani, na injini nyingi za huko zenye mkanda hupangiwa kubadilishwa mkanda kila kilomita 100,000 hivi. Mnunuzi wa pili au wa tatu atajuaje mkanda wake umekwenda mwendo gani? Kipimo cha kilomita chaweza kurudishwa nyuma. Na mpira hauzeeshwi na mwendo peke yake, bali na miaka, joto na mafuta yavujayo. Kusema, "Gari langu halina shida," si hoja, kwa kuwa mkanda huu mara nyingi hukatika bila kutoa onyo.

Wapinzani wetu watasema kwamba kosa la meno machache laweza kuiharibu injini. Ni kweli; lakini hatari hiyo imo katika kubahatisha, haimo katika ua wa nyumba. Kazi yenyewe yataka nini? Kitabu cha mtengenezaji kisomwe kwanza. Injini iwe baridi, waya wa betri ufunguliwe, na gari likiinuliwa lisiachwe juu ya jeki peke yake, bali liwekwe juu ya stendi imara za chuma. Magurudumu ya meno yalinganishwe na alama zake kabla mkanda wa zamani haujatolewa. Kikaza mkanda kikaguliwe, na pampu ya maji pia, ikiwa inaendeshwa na mkanda huo huo. Mkanda mpya ukiisha kuvikwa na kukazwa, shafti kuu izungushwe kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, kisha alama za magurudumu zitazamwe tena. Zisipokutana, au spana ikikataa kwenda, mtu asilazimishe, arudi mwanzo. Jaribio hilo haligharimu hata senti moja, nalo hufichua kosa kabla halijawa hasara.

Je, ni lipi hapa lisilowezekana kwa aliyefundishwa kusoma, kuhesabu na kusubiri? Mwanafunzi apimaye asidi tone kwa tone katika maabara atashindwaje kulinganisha alama mbili?

Sisemi kwamba fundi adharauliwe. Amdharauye fundi ni yule aonaye aibu kushika spana: asubuhi humwita stadi, na jioni humkatalia kumwoa binti yake. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo huijua thamani ya fundi mwema, na huyajua maswali ya kumwuliza fundi wa kubahatisha. Asiye na kitabu, vifaa wala subira na alipeleke gari lake kwa fundi bila haya, maana kujua mpaka wako nako ni elimu.

Mwaka 1985, Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4, masomo ya ufundi yalitiliwa mkazo shuleni. Tangu hapo mitaala imebadilika, lakini dharau ya kazi ya mikono ingali nasi, na haitaondolewa na mtaala peke yake. Itaondolewa na ninyi, vijana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Grisi hutoka kwa sabuni na maji. Ujinga wa kujitakia hautoki hivyo.