Faida ya Kuhesabu Mwewe

Wako watu wasemao ya kuwa kuhesabu ndege ni kazi ya mtu asiye na kazi. Husema, "Ndege apita, aenda zake, kumhesabu kwafaa nini?" Na akiwa ni mwewe, mwizi wa vifaranga, huona afadhali apigwe kuliko kuhesabiwa. Maneno hayo yana sura ya akili, lakini habari za mlima mmoja katika Marekani zaonyesha ya kuwa si kweli.

Mlima huo uko katika jimbo la Pennsylvania, nao huitwa Hawk Mountain, maana yake Mlima wa Mwewe. Kila mwaka, baridi inapokaribia, mwewe, kozi na tai hutoka kaskazini kwenda kusini. Upepo ukigonga ubavu wa mlima hupanda juu, na ndege hutandaza mabawa yao kama jahazi litandazavyo tanga, wakaenda mwendo mrefu pasipo kuchoka. Ndiyo sababu wengi hupita hapo.

Zamani watu walipanda mlimani na bunduki, wakawaua kwa mamia, wakawaacha waoze. Hata mwaka 1934 Bibi Rosalie Edge akaukodi mlima ule, akamweka Bwana Maurice Broun kuwa mlinzi. Huyu hakutosheka na kuwazuia wenye bunduki. Aliketi juu ya mwamba, akawahesabu ndege waliopita, akaandika kila aina kwa jina lake. Hesabu hiyo ilikatika kidogo wakati wa vita kuu ya pili, kisha ikaendelea, nayo yaendelea hata leo.

Sasa itazamwe faida yake. Tangu 1935 mpaka 1939, katika kila tai 100 wenye vichwa vyeupe waliopita, 40 walikuwa wachanga, ambao hutambulikana kwa manyoya yao meusi. Tangu 1955 mpaka 1959, wachanga walikuwa 20 tu. Tai wazima walikuwa wakionekana bado, hata mpita njia angalisema ya kuwa hapana hasara. Kumbe makinda yalikuwa hayazaliwi. Dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT ilikuwa imeingia majini na katika samaki, na tai aliyekula samaki alitaga mayai yenye maganda membamba, yakavunjika. Mwaka 1962 Bibi Rachel Carson aliitaja hesabu ya mlima ule katika kitabu chake. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilikataza dawa hiyo mashambani, na mwaka 2007 tai hao waliondolewa katika orodha ya wanyama walio karibu kwisha.

Mtu aweza kusema, "Sheria ndiyo iliyowaokoa tai, si hesabu." Ni kweli, lakini sheria hutaka ushahidi. Tena ushahidi huo hauwezi kutafutwa siku ya hasara. Lazima uwe umeandikwa kabla. Aliyehesabu mwaka 1935 hakujua ya kuwa sumu itakuja. Alihesabu tu kwa uaminifu, siku ya ndege wengi na siku ya ndege wachache, bila kuongeza wala kupunguza. Kama angalingoja mpaka ajue faida ya kazi yake, faida isingalikuwako.

Basi asidharauliwe mtu aketiye juu ya mwamba na daftari mkononi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndege wa angani nao ni mali.