Chumvi ya jikoni na ubongo wa mtoto: kwa nini bahari peke yake haitoshi

Hapa Unguja ni rahisi kuamini kwamba upungufu wa madini joto ni tatizo la watu wa milimani, walio mbali na bahari. Sisi tunakula samaki, tunavuna chumvi pwani, na mwani tunaulima wenyewe Paje na Jambiani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Vincent Assey wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na wenzake ulionesha vingine. Kati ya wanafunzi wa skuli waliopimwa, asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Takwimu hizo ni za zamani na hatuzitumii kuvihukumu visiwa vya leo. Tunazirejea kwa sababu imani ile bado ipo: kwamba anayekula samaki hana haja ya kuuliza habari za chumvi yake.

Rovu linaonekana kwa macho. Hasara kubwa zaidi haionekani. Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni, na homoni ni kama ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Kwa mtoto aliye tumboni, ujumbe huu huziongoza seli za ubongo: lini zihame kwenda mahali pake, lini zikomae, lini ziungane na nyingine. Ukipungua wakati huo, madhara mengine hayarekebishiki tena.

Gabriella Morreale, mwanasayansi aliyezaliwa Milan mwaka 1930 na kufanya kazi Hispania, alilitafiti jambo hili kwa miongo mingi. Alianza na rovu la wanavijiji wa milimani kusini mwa nchi hiyo. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba homoni hii ya mama haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Katika miaka ya 1980, yeye na wenzake walionesha kwa panya kwamba inavuka, hata kabla tezi ya mtoto haijaanza kazi. Kwa binadamu pia, miezi ya mwanzo mtoto humtegemea mama, na wakati huo mama huenda hata hajajua kama ni mjamzito. Ndiyo maana kungoja kliniki ni kuchelewa. Madini joto yanatakiwa yawemo katika chakula cha kila siku.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito. Gramu moja tu ingemtosha siku 4,000.

Kwa nini basi bahari haitoshi? Maji yakikaushwa kupata chumvi, madini joto yanayobaki humo ni machache mno. Samaki wanayo, lakini kwa viwango tofauti, na si kila nyumba hupata kitoweo hicho kila siku. Mwani wetu mwingi husafirishwa nje.

Utafiti ule ule ulikuta chumvi yenye madini joto katika asilimia 63.5 ya kaya za Unguja, na asilimia 1 tu Pemba. Madini joto kwenye mkojo yalikuwa mikrogramu 185.7 kwa lita Unguja na 53.4 Pemba, wakati kiwango kinachotakiwa hakipungui 100. Bahari ni moja. Kilichotofautiana ni chumvi ya jikoni.

Kwa hiyo hili si suala la mama peke yake. Mzalishaji mdogo anahitaji dawa ya kuchanganya, pampu ya kunyunyizia na mafunzo. Akibanwa bila kuwezeshwa, chumvi yake itauzwa kwa kificho. Chumvi nayo ipimwe inakozalishwa na madukani, maana maandishi ya pakiti peke yake si ushahidi.

Nyumbani, tununue chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, tuihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Hatuna haja ya kuongeza chumvi kwenye chakula, kwani nyingi hupandisha shinikizo la damu. Tunachotakiwa ni kubadili aina, si kiasi. Na mwenye uvimbe shingoni aende kituo cha afya, asijitibu kwa vidonge vya madini joto, kwa sababu yakizidi nayo hudhuru.