Ugumu Una Kipimo: Kiswahili na Daiboridi ya Reniamu

Imekuwa mazoea miongoni mwa baadhi ya wasomi kudai kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na malumbano, wala hakina uwezo wa kubeba sayansi. Madai haya yafaa kupimwa kwa mfano mgumu kwelikweli: daiboridi ya reniamu.

Kampaundi hii ina atomi 2 za boroni kwa kila atomi 1 ya reniamu, metali nzito na ghali. Mnamo mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza namna ya kuiandaa pasipo shinikizo kubwa. Ilhali almasi ya viwandani, kwa njia yake ya kale, huhitaji shinikizo la takriban mara 50,000 ya lile la hewa, unga wa elementi hizi mbili hupashwa joto la nyuzi 1000 za Selsiasi kwa siku 5, au huyeyushwa kwa tao la umeme. Wingi wa elektroni za reniamu hukinza mbano; vifungo imara vya boroni navyo huzuia atomi zisiteleze.

Hapo ndipo lugha inapotiwa mizanini. Kustahimili kubanwa si sawa na kustahimili kukwaruzwa, lakini Kiswahili cha kila siku huyaita yote mawili "ugumu", kama ulivyo ugumu wa mtihani na ugumu wa maisha. Mtaalamu hana budi kutenga: "ugumu" ubaki kwa kukwaruzwa na kubonyezwa, na "ukinzani wa mbano" ushike hilo jingine.

Utengano huo si pambo. Watafiti hao walipata ugumu wa gigapaskali 48 kwa kani ndogo ya nyutoni 0.49, kani ilipofikia nyutoni 4.9, ugumu ukashuka hadi takriban 30. Kwa kuwa mpaka wa vitu vigumu mno huwekwa kwenye 40, wanasayansi wengine waliipinga sifa hiyo. Mzozo ukawa, kwa sehemu kubwa, juu ya matumizi ya neno moja, na hiyo ni kazi ya wanaisimu pia.

Mwaka wa 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Msingi upo, kinachopungua ni waandishi wa kuyatoa maneno kamusini na kuyatia katika sentensi. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyethubutu kuketi na mwanakemia asiilaumu lugha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.