Kompyuta za Tawi Zikigoma, Tujue Sababu



Wapo watakaouliza: mfanyakazi wa kahawa wa Muyinga ana haja gani na ugomvi wa kompyuta? Jibu ni hili. Majina ya wanachama, michango na malalamiko ya mishahara siku hizi hukaa ndani ya mashine. Ikikwama siku ya mazungumzo, mwajiri atakuja na hesabu zake, nasi tutakwenda mikono mitupu.

Sendika isiyo na fedha hutumia kompyuta za mitumba zenye Linux, kwa kuwa Linux ni ya bure. Lakini mitumba haifanani. Moja ni ya zamani, ya biti 32, ambayo Debian huiita i386. Nyingine ni ya biti 64, yaani amd64. Mwenzetu akipakua kifurushi cha amd64 Gitega, akakitia katika flashi na kupanda basi hadi Muyinga, mashine ya biti 32 itakikataa. Hapo hakuna uchawi wala virusi. Kabla ya safari, andikeni dpkg --print-architecture kwenye mashine itakayopokea. Jibu lake ndilo la kufuata.

Ugomvi wa pili ni mgumu zaidi. Tangu Debian 7 ya mwaka 2013, mashine ya amd64 yaweza kubeba pia vifurushi vya i386, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Lakini maktaba ya programu ikiwekwa kwa aina zote mbili, sharti matoleo yawe sawa kabisa. Hazina ya nje ikileta toleo jipya la amd64 peke yake, i386 hubaki nyuma na apt hugoma. Mgomo huo una sababu, kama migomo yetu. Lisikilizeni dai kabla ya kutumia nguvu.

Kwanza nakilini daftari la wanachama mahali pengine. Kisha andikeni apt update, halafu apt policy na jina la kifurushi. Mtaona toleo lililowekwa na hazina zinazolitoa. Fungeni hazina ya nje, mrudishe matoleo yawe sawa. Kama i386 haihitajiki tena, ondoeni vifurushi vyake vyote, ndipo muandike dpkg --remove-architecture i386. Apt ikionyesha orodha ndefu ya vitu itakavyoondoa, msikubali kabla ya kuisoma. Anayewashauri --force-all anawauzia moto.

Wengine husema: tumwite fundi. Fundi ana haki ya ujira wake. Lakini fundi mwenye haraka hufuta kila kitu na kuweka upya, na daftari letu likapotea. Tena Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye kompyuta za biti 32. Mashine hizo zina siku chache. Tuhamishe kumbukumbu zake mapema.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi lichague wanachama wawili, mwanamke na mwanamume, wafundishwe kazi hii, na kila tengenezo liandikwe katika kitabu cha tawi. Mwenye jembe asiyejua kulinoa hulima kwa ruhusa ya mnoaji. Mkutano ujao, jambo hili liwe kwenye ajenda.

Umoja ni nguvu!