Benz ya Kufunguka Juu kwa Bei ya Fielder: Fungua Macho Kabla ya Kufungua Paa

Kama wewe ni wa kuscroll kurasa za kuuza magari usiku, hii umeiona. SLK ya 2006, rangi ya silva, viti vya ngozi nyekundu, paa imekunjwa ndani ya buti, na bei inakaribia ile ya Fielder. Unaangalia simu mara ya pili. Unaanza kujiona Thika Road saa kumi na moja jioni, upepo kwa kichwa, mathree zikikupisha. Hazitakupisha, lakini ndoto ni yako.

Swali ambalo wasee wengi hawaulizi ni moja tu: mbona bei ni hiyo?

Jibu linaanzia bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Mwaka wa 2025, kwa mfano, mwisho ilikuwa gari za 2018. Halafu weka ushuru. Forodha ya gari mtumba ni asilimia 35. Juu yake kuna excise ya 25, na injini ya petroli ikipita sisi 3000 inaruka hadi 35. Juu ya hiyo yote, VAT ya 16. Kwa sababu kila moja inahesabiwa juu ya nyingine, gari ambayo KRA imeipa thamani ya milioni 2 inadai karibu milioni 1.9 hapo tu, kabla hujaguswa na IDF na ada ya reli. Na kama unatafuta Japan, chunga: kule matajiri wengi hupenda gari ya Mjerumani ikiwa na usukani wa kushoto, na hapa hiyo haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida.

Kwa hivyo zile za bei poa unazoona hazijashuka meli juzi. Ziliingia kitambo, zimepita mikono mitatu au minne, na kila aliyekuwa nayo aliiuza kwa sababu fulani. Hiyo sababu ndiyo unaenda kununua.

Najua hii stori kwa uchungu. Beshte yangu mmoja alinunua Mercedes SL500 ya 2003. Alichukua loan ya Sacco, na mimi nikaweka sahihi kama mdhamini, kwa sababu tulisoma naye na sikutaka kuonekana niko na wivu. Wiki ya tatu akaamua kupeleka mresh wake Naivasha. Karibu na Kinungi gari ikaandika kwa dashibodi kwamba isimamishwe, imeshuka sana. Na kweli, upande wa mbele ulikuwa umelala chini kama ng'ombe aliyechoka. Breakdown ikaitwa, mresh akarudi Nairobi na matatu.

Shida ilikuwa kitu kinaitwa ABC, saspensheni ya haidroliki ambayo Mercedes waliweka kwa SL za kizazi hicho, R230. Haina springi na shoki za kawaida peke yake. Kuna pampu inayosukuma mafuta kwa presha kali sana hadi kila gurudumu, na mpira mmoja ukipasuka, gari inaketi. Ukiongeza breki za SBC, zile za kielektroniki ambazo SL kama hiyo iko nazo, mambo inakuwa moto zaidi. Ile mashine ya breki huhesabu mara ngapi umekanyaga, na ikifika idadi iliyowekwa kiwandani inaanza kudai ibadilishwe, hata kama bado inashika vizuri.

Mtu alinunua SL mpya mwaka huo akiwa mdosi wa kweli. Miaka ishirini baadaye bei ya gari imeanguka hadi kwa level ya mwalimu aliye na Sacco. Spea nayo haijaanguka. Bado inauzwa kwa bei ya mdosi, na bado inalipiwa ushuru ikiingia. Beshte yangu alipigiwa hesabu ya pampu na shoki mbili, akanyamaza dakika nzima kwa simu.

Sasa, hii haimaanishi gari ya kufunguka ni ya wazimu. Kuna watu wanaziendesha miaka na miaka bila drama. Nimeongea na wachache wao, na kitu wanachofanana nacho ni hiki: walichagua gari ambayo ndugu yake wa kawaida amejaa barabarani.

Angalia SLK ya R171, ya 2004 hadi 2011. Chini yake imeazima vitu vingi kwa C-Class ya W203, na hizo ziko kila mahali Nairobi, nyingine zinatembea, nyingine zimevunjwa na kuuzwa vipande vipande Kirinyaga Road. Bushi, breki, sensa, fundi anazijua akiwa amefunga macho. E-Class ya kufunguka iliyotoka 2010, A207, jina ni E lakini mwili wake umejengwa juu ya C-Class ya W204. BMW Z4 ya E89, iliyoanza 2009, inashiriki vitu na 3 Series ya E90, ile ambayo vijana wa Nairobi wameifanya kama sare. Kitu pekee cha kipekee kinabaki ni paa. Hapo umepunguza vita kutoka kumi hadi moja.

Lakini hata ndani ya hizo, injini si moja. SLK 350 za mwanzo, kati ya 2004 na 2006 hivi, ziko na injini ya M272 ambayo gia moja ndani, ya shafti ya kusawazisha, huisha mapema. Kuibadilisha lazima injini itoke. Ukiipata bei ya kutupa, usifikirie umebahatika; uliza namba ya injini na karatasi ya kazi hiyo. Kwa Z4, tafuta yenye silinda sita ya N52, ile ya 23i ama 30i. Ni injini ngumu, ila pampu yake ya maji ni ya umeme na huwa haikupigii simu kabla ya kufa. Badilisha ikikaribia kilomita laki moja, usingoje. Ile 20i iliyokuja baadaye na injini ndogo ya turbo, N20, ina stori yake ya cheni. Mimi ningepita.

Na ukitaka ushauri wangu wa moyo, tafuta Lexus SC430, ama mama yake Toyota Soarer ya 2001 kuendelea, gari ile ile yenye beji tofauti. Ndiyo, petroli itakunyonya, ni V8 ya lita 4.3. Lakini hiyo injini, 3UZ, ni ya ukoo mmoja na ile ya petroli iliyo ndani ya Land Cruiser 100, na hakuna fundi wa maana hapa nchini ambaye hajawahi kushika Land Cruiser. Hakikisha tu timing belt imebadilishwa kwa wakati. Bima uliza mapema pia, kwa sababu kampuni nyingi huanza kusita kutoa bima kamili gari ikizeeka.

Turudi kwa paa, maana hapo ndipo mabroka wanakula.

Paa ya chuma ya SLK inafaa kumaliza kufunguka kwa sekunde 22 hivi. SL ni kama 16, Z4 ya E89 karibu 20. Toa simu, weka saa. Ikichukua mara mbili ya hiyo, ama ikisitasita katikati kama mtu anayetafuta excuse, pampu au silinda zimechoka. Ifungue na kuifunga mara tatu, injini ikiwa baridi kwanza. Kisha inua kapeti ya buti ushike chini na kidole. Mafuta hapo ni ya haidroliki, si ya kupika. Mara nyingi kilichoisha ni sili tu ndani ya silinda, na fundi wa haidroliki anayejua kazi anaweza kuibadilisha badala ya wewe kununua silinda nzima.

Wakati mwingine shida ni ndogo kweli. Betri ikiwa dhaifu paa inagoma. Kwa SLK, ile pazia inayotenga mizigo kwa buti isipofungwa vizuri, paa haisongi hata inchi. Broka atakuambia, "Buda, ni switch tu, mia tano imeisha." Poa, mwambie aitengeneze hiyo mia tano kwanza, wewe unangoja hapo hapo.

Maji ni adui mwingine. Gari hizi zina mifereji midogo ya kutoa mvua, na ikiziba maji yanaingia ndani. Z4 ya zamani, E85, motor yake ya paa iko chini kabisa pembeni, mahali maji hujikusanya, kwa hivyo inazama kama simu kwa choo. Ukipaki chini ya jacaranda Oktoba, maua yatamaliza hiyo mifereji kabla ya Krismasi. Isafishe kabla mvua ndefu ya Machi ianze. Haikugharimu chochote.

Kabla ya kutuma hata deposit, fanya search ya gari kwa NTSA uone kama kuna benki imejificha kwa logbook. Hiyo ni mia tano na kitu. Kisha lipa fundi ambaye si wa muuzaji, mwenye mashine ya kusoma Benz ama BMW vizuri, si ile ya kusoma taa ya injini pekee. Muuzaji akikataa gari iguswe, hilo nalo ni jibu. Na pesa yote usiimalizie kwa bei. Kama uko na milioni 1.5, nunua ya 1.2. Ile laki tatu iweke, utaihitaji mwaka wa kwanza: mafuta yote mapya, pamoja na ya gearbox ambayo muuzaji atakuambia ni ya maisha. ZF wenyewe, wanaotengeneza gearbox za BMW nyingi, wanasema yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Tairi pia. Z4 hutembea na run-flat na haina spea, na mashimo ya hii mji hayajui hiyo.

Beshte yangu aliuza SL kwa hasara, ikiwa bado imelala. Loan haikuisha na gari. Alichelewa miezi minne, na sehemu ya akiba yangu ikaenda kuziba pengo. Amekuwa akinirudishia kidogo kidogo, namheshimu kwa hilo.

Juzi usiku amenitumia picha. Soarer ya 2004, nyeusi, Kiambu Road, paa chini, "bei ni ya kuongea." Nikamuuliza timing belt ilibadilishwa lini, na kama ameona karatasi. Tiki mbili za buluu ziliingia saa tatu na dakika kumi. Hadi sasa hajajibu.