Mapenzi ya Mchezo Hayanunui Viatu

Mwaka jana nilikimbia kilomita 10 hapa Lodwar, nikamaliza wa tatu. Zawadi? Fulana, soda na hotuba. "Vijana, kimbieni kwa mapenzi ya mchezo," mwandalizi akatuambia. Nikarudi Nakwamekwi kwa miguu maana sikuwa na pesa ya boda.

Hayo mapenzi yana historia, na si yetu. Mwaka 1877 Spencer Gore alishinda mashindano ya kwanza ya Wimbledon. Walioingia walikuwa wanaume 22 tu. Gore alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani tenisi haikuwa unga wake. Alisoma Harrow, akachezea Surrey kriketi, na kazi yake ilikuwa kupima na kusimamia ardhi. Hata hivyo alipewa zawadi ya gini 12! Baadaye akaandika kwamba mchezo wenyewe unachosha. Angeuacha kesho, na chakula kingekuwa mezani.

Hadi 1968 Wimbledon iliwafungia mlango wachezaji wa kulipwa. Walisema wanalinda heshima ya mchezo. Mimi nasema walikuwa wanachuja watu: kama huna mali, utafanya mazoezi saa ngapi?

Sasa rudi kwetu. Paul Ereng, Mturkana, alichukua dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988, akiwaacha nyuma Joaquim Cruz na Saïd Aouita. Wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Virginia kwa ufadhili. Kitanda, chakula, kocha, vyote vilikuwepo. Mwaka 2016 wakimbiaji watano waliotoka kambi ya Kakuma walifika Rio katika timu ya wakimbizi, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Lakini kwanza walipelekwa Ngong, kwa Tegla Loroupe, wakale vizuri na kufundishwa. Miguu ni ileile iliyokuwa Kakuma. Kilichobadilika ni matunzo.

Najua utaniambia pesa itaharibu mchezo. Sawa. Siku ile mwenye hema alilipwa. DJ alilipwa. Mwenye spika alilipwa, na hakuna aliyemwambia apige muziki kwa mapenzi. Waliotoka jasho ndio peke yao walioombwa kupenda.

Waandalizi, mapenzi tunayo tele, tumeyakimbiza kwenye mchanga wa moto tangu utotoni. Mwaka huu, kabla ya kutupigia simu, semeni kwanza mnalipa ngapi.