UCHAFU WA MBWA WA BWANA: NANI AUONDOE?

Ndugu zetu wa Butembo na Beni, wafanyakazi wa machimbo na ninyi nyote wakaaji wa mji!

Wako watakaocheka wakiona leo tunaandika juu ya mavi ya mbwa. Watasema: Nchi ina taabu kubwa. Watu wanauawa mashambani, barabara ni mashimo matupu, franka haina nguvu sokoni, na ninyi mnakaa kubishana juu ya mbwa! Tunawajibu kwa heshima: Taabu hizo tunazijua, wala hatutaacha kuziandika. Lakini uhuru haukai katika ofisi za Kinshasa peke yake. Unakaa pia katika lupango, nyuma ya nyumba, pale mtumishi anapoinama na koleo mkononi. Kama pale haupo, basi vigelegele vya wazee wetu vya mwaka 1960 vilipigwa bure.

Sikilizeni habari ya kijana mmoja aliyefika kwetu. Jina lake hatulitaji, wala la bwana wake, maana hatutaki kumharibia mtu chakula chake, na habari yenyewe ni ya nyumba nyingi. Kijana huyu aliingia kazi katika nyumba moja ya Butembo. Walipatana kwa midomo: kupika, kufagia, kufua nguo, kuteka maji. Mshahara ukatajwa, siku ya kupumzika ikatajwa. Mwezi wa tatu bwana akaleta mbwa wawili wakubwa, kwa sababu wezi walikuwa wamezidi mtaani. Hakuna aliyesema nani atawalisha, nani atawaosha, nani atafagia nyuma yao. Asubuhi ya kwanza mama wa nyumba akafungua mlango, akatazama uani, akaita: "We, njoo utoe hii." Kijana akatoa, kwa kipande cha kartoni na mkono mtupu. Kisha akarudi jikoni kusonga bugali.

Akafanya hivyo wiki sita. Siku moja akasema kwa upole: "Mama, naomba glavu na sabuni. Na kama inawezekana tuseme kidogo juu ya mshahara, maana kazi imeongezeka." Akajibiwa: "Boyi hachagui kazi." Jioni ile ile akafukuzwa, na mshahara wake wa nusu mwezi ukabaki kwa bwana.

Habari hii ilipotembea mjini, watu waligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza linasema: Mtumishi ni mtumishi. Anakula mshahara, afanye analoambiwa. Akikataa, wako mia wanaongoja mlangoni. Fungu la pili linasema: Hapana! Mtu huru hawezi kuokota mavi ya mnyama wa mwenzake. Ni aibu, na akatae hata akifa njaa.

Sisi hatukubaliani na mafungu yote mawili.

Tuanze na hao wa aibu. Ndugu, aibu iko wapi? Mama anamsafisha mtoto wake. Muuguzi anamsafisha mgonjwa asiye wake. Mchimbaji anatoka shimoni amejaa matope hadi masikioni, na akifika nyumbani mke wake na watoto wake wanamheshimu, kwa kuwa matope yale ndiyo chakula chao. Tena tukumbuke tuliyoyaona kwa macho yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Mpaka ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Siku zile ni nani waliosafisha matapishi na damu katika vituo vya matibabu? Walikuwa vijana wetu na dada zetu. Palikuwa hapana kazi chafu na ya hatari kuliko ile. Lakini kazi ile ilikuwa na jina, ilikuwa na mabuti, glavu na maji ya klorini, na ilikuwa na malipo. Aliyeifanya alijua anafanya nini, na kwa nini. Basi uchafu haumshushi mtu. Kinachomshusha ni kutupiwa uchafu bila neno, bila kifaa, bila malipo, kama kwamba mikono yake haina ngozi.

Sasa tuwageukie hao wa fungu la kwanza, wasemao kwamba boyi hachagui kazi. Hawa tuna maneno mengi nao.

Neno hilo "boyi" limetoka wapi? Wazungu walililetea Kongo kumwita mtu mzima, baba wa watoto, mwenye mvi. Maana yake ni mtoto wa kiume. Aliyeitwa hivyo hakuwa na kazi yenye mpaka. Alikuwa mpishi, dobi, yaya, mtunza bustani na mwangalizi wa mbwa, yote kwa mshahara mmoja. Wazee waliofanya kazi katika nyumba za wakubwa wa Minière des Grands Lacs, kampuni iliyochimba dhahabu katika nchi hii na ambayo kambi yake ilikuwa mwanzo wa mji wa Butembo, waliwasimulia watoto wao juu ya mbwa waliokula nyama huku mpishi akila mabaki. Hawakumchukia mbwa. Mbwa hakuwa na kosa. Walichokichukia ni kupangwa chini yake.

Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba aliposema mbele ya mfalme wa Wabelgiji, hakutaja ardhi na bunduki peke yake. Alikumbusha pia kwamba mtu mweusi aliitwa "tu", naye hakuitwa hivyo kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Siku kubwa namna ile, akataja jambo la namna ya kumwita mtu! Alijua kwamba utumwa unaanzia mdomoni. Leo Mbelgiji amekwenda zake, na neno lake tumelirithi sisi. Anayesema "boyi hachagui kazi" siku hizi mara nyingi ni ndugu yetu, mfanyabiashara wa Butembo, mwalimu wa Beni, hata mtu anayesoma gazeti hili na kupiga makofi.

Ninyi wa machimbo mtaelewa upesi. Mchimbaji anayekwenda Mangurejipa haingii shimoni kabla ya kujua nani anatoa chakula, nani anatoa vifaa, na mali ikipatikana itagawanywa namna gani. Je, mkubwa wa shimo akimwambia katikati ya kazi, "Kuanzia leo utafua pia nguo za watoto wangu, fungu lako ni lile lile," atakubali? Mtagombana siku hiyo hiyo! Mbona basi mkirudi mjini mnamfanyia mtumishi wenu lile ambalo ninyi wenyewe msingelivumilia? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini ninyi njaa mnaijua.

Wala hili si wazo letu peke yetu. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mapatano ya kazi yaandikwe, na ikiwa hayakuandikwa inamruhusu mfanyakazi kuyathibitisha kwa njia nyingine. Kwa hiyo bwana asijifiche nyuma ya kusema, "Hatukuandika kitu." Katika ulimwengu wote, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha tarehe 16 Juni 2011, kule Geneva, Mkataba namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo unataka mfanyakazi aelezwe mambo haya kwa namna atakayoyafahamu: kazi yenyewe ni ya aina gani, mshahara ni kiasi gani, saa za kazi ni ngapi, siku za kupumzika ni zipi. Tazameni: aina ya kazi! Kama kuna mbwa, mbwa atajwe. Kama kuna paka, paka atajwe. Mkubwa hapunguzwi kitu kwa kusema ukweli siku ya kwanza.

Liko pia jambo la afya, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, mabwana na watumishi pamoja. Mavi ya mbwa hayafanani na mavumbi ya sebuleni. Ndani yake hukaa mayai ya minyoo iitwayo toksokara, ambayo humwingia mtu kwa mkono usionawa na yaweza kumdhuru mtoto hata macho. Mayai hayo huhitaji wiki 2 hadi 4 kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo mavi yaondolewe kila siku, wala si siku ya wageni tu. Wako minyoo wengine wa mbwa ambao watoto wao hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Katika mavi ya paka kuna kijidudu cha toksoplasma, ambacho huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuambukiza, na ambacho chaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Mwanamke mwenye mimba asipewe kamwe kazi ya kusafisha choo cha paka, hata akilipwa mara mbili. Tena mbwa asiyechanjwa aweza kuleta kichaa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake, aliyepatwa hufa karibu kila mara. Mtumishi akiumwa na mbwa wa nyumba, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, akapelekwe upesi kupata chanjo, na gharama ni ya mwenye mbwa.

Baada ya Ebola hatuwezi kusema hatukujua. Tulinawa mikono kila mlango, sokoni, kanisani, shuleni. Je, ndoo zile zilikuwa za wakati wa hofu tu? Mkono uliookota mavi ya mbwa bila sabuni ndio mkono unaosonga bugali wa bwana na watoto wake. Asiyemhurumia mtumishi wake, basi na aihurumie sahani yake mwenyewe!

Sasa mtatuuliza: Mwisho wa maneno ni nini? Aondoe au asiondoe? Tunasema hivi.

Kwanza, mwenye kumpenda mnyama ndiye mwenye uchafu wake. Kijana wa nyumba mwenye miaka 15, anayecheza na mbwa jioni, anaweza kushika koleo asubuhi. Hatakufa, na atajifunza kitu ambacho shule haimfundishi.

Pili, bwana akitaka mtumishi afanye kazi hiyo, aiseme siku ya mapatano. Mnyama akija baadaye, mapatano yafunguliwe upya, na mshahara uongezwe kadiri ya kazi. Mtumishi akisema hapana kwa kazi ambayo haikutajwa, asifukuzwe kwa neno hilo.

Tatu, vifaa ni juu ya mwenye nyumba: koleo, glavu, viatu vya kufunika mguu, sabuni, na shimo mbali na kisima. Chanjo ya mbwa pia ni juu yake.

Nne, mshahara wa siku zilizofanywa haufutwi kwa ugomvi wa siku moja. Kuuzuia ni wizi, hata kama mwizi anavaa suti.

Na wako wengine ambao hawasemwi kabisa: watoto wa ndugu zetu walioletwa kutoka vijijini. Tunasema, "Huyu si mtumishi, ni mtoto wetu." Lakini mtoto wetu mbona haendi masomo na wenzake? Mbona yeye peke yake ndiye anayelala jikoni na kuamka na mbwa? Kama ni mtoto, apewe haki ya mtoto. Kama ni mfanyakazi, apewe haki ya mfanyakazi. Kumnyima zote mbili kwa jina la undugu ni ujanja mbaya kuliko wa mkoloni, maana mkoloni hakutuita watoto wa dada yake.

Kwenu watumishi wa nyumba, wapishi, madobi na mazamu, tunasema pia. Msitoroke usiku, wala msilipize kwa kuchukua sukari ya bwana. Hivyo mnampa neno la kuwashitaki. Ulizeni siku ya kwanza, bila woga: "Kazi zangu ni zipi? Kuna mnyama? Glavu ziko wapi?" Andikeni, na asiyejua kuandika amtafute shahidi. Mkidhulumiwa, nendeni kwa inspekta wa kazi. Tena msiende mmoja mmoja. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao. Huko Kenya chama kiitwacho KUDHEIHA kinawaunganisha watumishi wa nyumbani pamoja na wafanyakazi wa hoteli na wa hospitali. Waliweza wao; sisi wa Butembo na Beni tunashindwa na nini?

Ndugu, yule kijana aliyefukuzwa hakuomba kitu kikubwa. Aliomba glavu, sabuni na mazungumzo. Mtu anayeomba mambo hayo anajua maana ya uhuru kuliko wengi wanaotoa hotuba juu yake. Kesho asubuhi, kabla hamjamwita mtu wenu uani, ulizeni mioyo yenu: Hii tulipatana? Kama hamkupatana, koleo liko pale ukutani. Lichukueni wenyewe.

Uhuru na heshima kwa kila mfanyakazi!